Kwa baiskeli hadi Zhujiajiao, siku ya tano ya mwezi wa tano

Nilikulia Tanga, mji ambao watu wake huenda sokoni, kazini na hata msibani kwa baiskeli, na baiskeli ya kwanza niliyoijua ilikuwa Phoenix nyeusi ya baba, yenye kengele ya chuma na keria pana iliyobeba magunia ya nazi. Nilijifunza kuiendesha nikiwa mdogo kiasi cha kutofikia tandiko, kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kama walivyofanya watoto wote wa mtaani kwetu. Miaka mingi baadaye nilipofika Shanghai kusoma, niliiona chapa ile ile ya ndege Phoenix ukutani mwa duka dogo la fundi, nikaelewa kwamba baiskeli ya baba ilikuwa imetengenezwa katika jiji hili kabla ya kuvuka bahari kuja kwetu. Nilinunua moja kuukuu, isiyo na gia, kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza masomo, na tangu siku hiyo nilitamani kuipeleka mbali, nje ya majengo marefu, hadi Zhujiajiao, mji wa kale ambako watu bado wanaishi kando ya maji.

Nafasi hiyo ilikuja wakati wa sikukuu ya Duanwu, ambayo huadhimishwa siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda ya jadi ya China, na ambayo katika mwaka 2024 iliangukia Jumatatu, tarehe 10 Juni. Sisi tuliozoea kuhesabu miezi kwa mwandamo hatupati taabu kuielewa kalenda hiyo, kwa kuwa nayo huufuata mwezi; tofauti ni kwamba Wachina hawasubiri kuuona mwezi kwa macho, bali huanza mwezi mpya siku ambayo hesabu inaonyesha mwezi na jua vimekutana, na kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi mzima wa kumi na tatu ili mwaka usitoroke majira. Ndiyo maana Duanwu haizunguki mwaka mzima kama Idi zetu, bali hubaki kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, joto linapoanza kupanda. Mwaka huo mwezi uliowaletea Wachina mwezi wao wa tano ndio huo huo uliotuletea sisi Mfunguo Tatu, kwa hiyo nilisafiri nikijua kwamba nyumbani mama alikuwa anahesabu siku za kufika Idi ya kuchinja, na huku majirani zangu walikuwa wanahesabu majani.

Niliondoka Yangpu, kaskazini mashariki mwa jiji, saa kumi na dakika hamsini alfajiri, jua likichomoza. China yote hutumia saa moja, ile ya Beijing, na kwa sababu hiyo mwezi Juni huku mashariki kunakucha mapema kuliko mgeni anavyotarajia. Barabara nyingi kubwa za katikati ya Shanghai zina alama inayokataza baiskeli, na mwendeshaji inambidi azijue njia za pembeni zilizofunikwa na miti ya mikuyu ya kizungu, ambako saa ile hapiti mtu ila wafagiaji na wazee wanaofanya mazoezi. Lakini masoko ya mboga yalikuwa yameshafunguliwa, na hapo ndipo nilipoanza kuyaona majani. Bibi mmoja alitoka sokoni akiwa amebeba kwapani fungu la aicao, mmea wa jamii ya pakanga, wenye majani ya kijani upande mmoja na meupe kama vumbi upande wa pili. Mbele kidogo, mwanamume aliyekuwa juu ya pikipiki ya umeme alikuwa amefunga fungu kama hilo kwenye usukani, pamoja na majani marefu ya changpu yanayochongoka kama upanga. Kabla sijafika Uwanja wa Watu nilikuwa nimehesabu mafungu kumi na manne, kisha nikaacha kuhesabu kwa kuwa yalikuwa kila mahali.

Majani hayo hutundikwa mlangoni. Mwezi wa tano kwa desturi za zamani za Wachina ulikuwa mwezi wa kuogopwa, kwa sababu joto na unyevu huleta maradhi na kuwatoa wadudu mashimoni; wazee walitaja sumu tano, wakiwemo nyoka, nge, tandu na chura, na wakachoma aicao, wakavaa vifuko vya manukato shingoni na kuwafunga watoto nyuzi za rangi tano mkononi ili kuzikinga. Sehemu hiyo ya Duanwu inanigusa kuliko mashindano ya mitumbwi yenye vichwa vya joka, ambayo ndiyo huonyeshwa zaidi katika televisheni. Nimewahi kufika Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa na kuona watu wakiutoa mwaka wa zamani kwa migomba na moto, na ninapowaona watu wa jiji lenye wakazi zaidi ya milioni 24 wakitundika majani juu ya mlango wenye kufuli ya kielektroniki, ninatambua haja ile ile ya kusafisha nyumba majira yanapogeuka.

Katika Uwanja wa Watu ndipo inapoanzia kuhesabiwa barabara ya taifa namba 318, na hilo ndilo jambo lililonifanya nichague njia ya barabara badala ya treni ya mstari wa 17, ambayo tangu Desemba 2017 humfikisha mtu Zhujiajiao bila kutoka jasho. Barabara hiyo inatoka hapo kuelekea magharibi, inapita Huzhou, Wuhan, Chengdu na Lhasa, na inakoma kwenye mpaka wa Nepal, zaidi ya kilomita 5,400 kutoka mwanzo wake. Vijana wengi wa China huota kuipanda kwa baiskeli kutoka Chengdu hadi Lhasa, wakivuka milima ambayo hewa yake ni nyepesi mno. Mimi nilikuwa ninaenda chini ya kilomita 50 tu za mwanzo, kwenye tambarare isiyo na kilima hata kimoja, lakini kila nilipopita jiwe jeupe lenye maandishi mekundu ya 318 na kuona namba imeongezeka, nilifurahi kwamba njia iliyo chini ya magurudumu yangu ndiyo hiyo hiyo inayofika Himalaya.

Ukipita eneo la uwanja wa ndege wa Hongqiao, ambako ndege hushuka karibu sana na vichwa vya watu, jiji halikatiki mara moja, linalegea taratibu. Maghala yanafuata, kisha viwanda vidogo, kisha mifereji inayozidi kuwa mingi, na mashamba ya mpunga yaliyobanwa kati ya nyumba. Nilipita karibu na Songze, kijiji ambacho wanaakiolojia walichimbua makaburi na vyombo vya udongo vya watu walioishi hapa kati ya miaka 5,000 na 6,000 iliyopita. Kwa watu wanaoitazama Shanghai kama jiji lililozaliwa na bandari na biashara ya kigeni baada ya 1842, kijiji hicho ni ukumbusho kwamba ardhi hii ilikuwa na wenyewe zamani za zamani.

Baada ya hapo tairi la nyuma lilipata pancha. Nilisukuma baiskeli kwa robo saa hivi hadi nilipomkuta fundi mzee chini ya daraja la barabara ya juu, amekaa kwenye kigoda, mbele yake kisanduku cha mbao, pampu na beseni la maji. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kipande kwa kipande ndani ya maji hadi mapovu yalipotoka, akaparuza sehemu ile kwa msasa, akapaka gundi, akasubiri ikauke, akabandika kiraka na kukigonga kwa nyundo ndogo. Hakuna hatua hata moja ambayo sijaiona barabara ya tatu pale Tanga. Juu ya kisanduku chake palikuwa na tawi moja la aicao lililofungwa kwa waya, kwa kuwa yeye hakuwa na mlango wa kulitundika, na kisanduku kile ndicho kilichokuwa nyumba ya kazi yake. Alipoitazama baiskeli yangu, aligonga fremu kwa kifundo cha kidole na kuniambia kwamba chuma cha zamani kilikuwa kizito lakini kilimvumilia mtu. Nilimjibu kwamba baba yangu husema hivyo hivyo.

Nilifika Zhujiajiao saa tatu na nusu asubuhi, nikaifungia baiskeli nje ya mji wa kale, kwa kuwa vichochoro vyake na madaraja yake ya ngazi havikujengwa kwa ajili ya magurudumu. Mji huu uko katika wilaya ya Qingpu, karibu na ziwa Dianshan, na maisha yake yote ya zamani yalitegemea maji: pamba, vitambaa na mchele viliingia na kutoka kwa mashua, na mto mkuu unaoukata mji huitwa Caogang, jina ambalo ndani yake lina neno la Kichina la usafirishaji wa nafaka kwa njia ya maji. Nyumba zake nyeupe zenye vigae vyeusi zimesimama ukingoni kabisa, kila moja na ngazi zake za mawe zinazoshuka hadi majini, ambako zamani wanawake walifulia na kuoshea mchele, na wengine bado wanafanya hivyo.

Daraja la Fangsheng ndilo mahali pa kwanza pa kwenda. Lina matao matano ya mawe, lina urefu wa zaidi ya mita 70, na lilijengwa mwaka 1571, enzi ya Ming, kwa fedha zilizochangishwa na mtawa wa Kibudha, kisha likajengwa upya mwaka 1812. Jina lake lina maana ya kuachia viumbe hai, kwa sababu ya desturi ya kununua samaki na kuwarudisha mtoni ili kujipatia thawabu, na hadi leo kuna akina mama wanaokaa hapo wakiuza samaki wadogo ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji. Nilisimama juu ya tao la katikati, kando ya simba wa mawe waliolainishwa na mikono ya wapitaji, nikatazama mashua zikipita chini, nyingi zikiwa za wageni wa siku ile. Umati ulikuwa mkubwa mno, kwa kuwa sikukuu hiyo imekuwa siku ya mapumziko ya taifa tangu 2008 na mwaka huo iliungana na Jumamosi na Jumapili. Mtaa wa Kaskazini, ulio mwembamba kiasi kwamba mapaa ya pande mbili karibu yagusane, ulikuwa umejaa wasichana waliokodi mavazi ya enzi za kale ili wapigwe picha. Wapo wanaosema kwamba umati wa namna hiyo umeua miji ya maji. Mimi sikuona hivyo, kwa sababu nyuma ya umati, kwenye kila kizingiti, kazi ya sikukuu ilikuwa inaendelea.

Kazi hiyo ni kufunga zongzi. Huo ni mchele wa kunata unaofungwa ndani ya majani ya mianzi au matete, ukafungwa kwa uzi na kuchemshwa kwa saa nyingi, na Zhujiajiao inajulikana kwa bibi zake wanaozifunga mbele ya milango yao. Wakazi huwaita apo, yaani bibi. Nilimsogelea mmoja aliyekuwa peke yake kwenye kichochoro cha mbali na mto, nikamsalimu kwa neno la heshima, nikamtakia Duanwu ya amani na afya kama wanavyosema, huku moyoni nikitafuta neno la Kichina linaloweza kubeba uzito wa shikamoo na nisilipate. Aliniuliza ninakotoka. Nilipomjibu kwamba ninatoka Tanzania, mzee aliyekuwa akisoma gazeti mlango wa pili aliinua kichwa na kusema maneno mawili, “Tanzan tielu”, reli ya Tanzania na Zambia, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya sabini. Watu wa rika lake karibu wote wanaijua, na kila mara ninaposikia jina hilo likitamkwa kwa upendo na mtu ambaye hajawahi kuiona, huwa ninajihisi nimekaribishwa na mtu aliyenitangulia.

Apo alinipa kigoda. Nilimweleza kwa adabu kwamba mimi ni Mwislamu na siwezi kula zongzi zenye nyama ya nguruwe, ambazo ndizo nyingi zaidi katika mji huo. Alinionyesha za maharage madogo mekundu, kisha akasita, akaniambia kwa uaminifu kwamba zote huchemshwa katika sufuria moja. Angeweza kunyamaza nami nisingejua. Badala yake alinyanyuka, akaosha mikono, akaleta bakuli safi, mchele mweupe uliolowekwa tangu usiku, maharage, kunazi nyekundu zilizokaushwa na kisu kipya cha kukatia uzi, akasema: “Funga mwenyewe hapa, ukachemshe kwako katika sufuria yako.”

Majani yalikuwa yameshachemshwa kidogo ili yalainike, na yalikuwa yanaelea ndani ya beseni la maji. Alichukua mawili, akayapandanisha nusu, upande laini ukiwa ndani, na kwa mzunguko mmoja wa kiganja yakawa kifuko kilichochongoka chini, umbo lile lile la karatasi ambalo muuza karanga wa kwetu hulizungusha kabla ya kumimina karanga. Akatia mchele kidogo, maharage na kunazi mbili, akafunika kwa mchele mwingine, akausukuma kwa kidole ili pasibaki upenyo, akalikunja jani lililobaki juu kama kifuniko, akaung’ata uzi kwa meno upande mmoja na kuuzungusha kwa mkono upande wa pili, akauvuta hadi jani likatoa mlio. Muda wote huo hakuitazama mikono yake, kama vile bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuutazama ukili alipokuwa akiusuka.

Ya kwangu ilifunguka mara tatu. Kosa langu, aliniambia, lilikuwa kuujaza mchele kupita kiasi, kwa maana mchele wa kunata huvimba ukichemka na lazima uachiwe nafasi, na hapo hapo usilegezwe sana, maana maji yataingia na kuufanya uji. Alipokuwa ananirekebisha vidole, nilimwuliza sikukuu hii ni ya nani. Vitabu vya shule husema ni ya Qu Yuan, mshairi na waziri wa dola ya Chu aliyejitosa katika mto Miluo mwaka 278 kabla ya Kristo nchi yake iliposhindwa, na kwamba watu waliwatupia samaki mchele ili wasiule mwili wake. Apo alilijua jina hilo, lakini jina alilolitaja kwanza lilikuwa la Wu Zixu, waziri wa dola ya Wu, ambayo ilitawala sehemu hizi. Huyu alimwonya mfalme wake Fuchai asiiamini dola ya Yue, akatuhumiwa, akaamriwa ajiue mwaka 484 kabla ya Kristo, na mwili wake ukatupwa mtoni. Miaka 11 baadaye Yue iliifuta Wu kama alivyosema. Wapo wasomi, Wen Yiduo akiwa mmoja wao, walioona kwamba sikukuu yenyewe ni ya kale kuliko wote wawili, na kwamba ilianzia kwa watu wa maji waliomheshimu joka. Mimi ninaona ina maana kubwa kwamba watu wa nchi ya mito waliwachagua wawili hawa, wote wakiwa watu waliosema kweli mbele ya mfalme na wote wakaishia majini, wakaendelea kuwapelekea chakula kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Nilifunga kumi na mbili. Alikataa pesa ya majani, akapokea ya mchele, maharage na kunazi, kisha akazifunga zote kwa uzi mmoja kama shada la samaki na kunitundikia begani. Nilipoaga, alichomoa tawi dogo la aicao kutoka mlangoni mwake na kulipachika kwenye mfuko wa shati langu.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Joto lilikuwa zito, mawingu yalikuwa yameshuka bila kunyesha, na mawe ya 318 sasa yalikuwa yanapunguza namba. Nilizilaza zongzi kwenye keria juu ya kitambaa kilicholowa maji ili majani yasikauke, nikasimama mara mbili kukilowesha tena. Nilipopita chini ya lile daraja, fundi alikuwa ameshaondoka, ila mahali alipokuwa ameweka beseni palikuwa bado na duara la unyevu.

Usiku huo, katika jiko la pamoja la hosteli, nilizipanga ndani ya sufuria yangu, nikajaza maji hadi yakazifunika, nikakaa kando yake kwa saa mbili na nusu nikiongeza maji ya moto kila yalipopungua. Harufu ya majani, inayofanana kidogo na chai na kidogo na mvua, ilitoka jikoni na kufuata korido, na milango ikaanza kufunguliwa. Alikuja kijana wa Shandong, akaja binti wa Sichuan, akaja na Mkenya wa ghorofa ya juu ambaye alidhani ninapika mahindi. Mbili zilikuwa zimefunguka na kumwaga maharage ndani ya maji. Kumi zilikuwa nzima. Tulizikata uzi kwenye meza, moshi ukapanda, na mchele ulikuwa umeshikana sawasawa, mwekundu pale kunazi ilipoyeyuka.